Chembe Sahani Zinaposhuka Baada ya Kubadilishiwa Valvu (3)

Wiki iliyopita tulimwacha mgonjwa wetu akitolewa chumba cha upasuaji, valvu mpya imekaa mahali pake. Leo tuanze na karatasi ya maabara inayowatia ndugu zake hofu. Tuseme kabla ya kupasuliwa alikuwa na chembe sahani 240,000 katika kila mikrolita ya damu. Siku ya pili zimebaki 120,000. Kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000.

Ndugu huuliza zimebaki ngapi. Daktari mzoefu huuliza kwanza leo ni siku ya ngapi.

Siku tatu nne za mwanzo, kushuka kunatarajiwa. Moyo ulisimamishwa, damu ikapitishwa kwenye mashine ya moyo na mapafu ambayo mirija yake hujazwa maji maalumu kabla ya kazi kuanza, hivyo damu ikazimuliwa. Chembe nyingine hunasa humo mirijani, nyingine huenda kuziba vidonda. Hata zikipungua nusu si ajabu. Uboho hutengeneza nyingine, na wiki haiishi kabla hesabu haijaanza kupanda.

Ya kuogopwa ni hesabu iliyokwisha kupanda, kisha ikaporomoka kati ya siku ya tano na ya kumi. Hapo mshukiwa mkuu ni heparini, dawa iliyozuia damu isigande mashineni. Heparini hushikana na protini itokayo kwenye chembe sahani zenyewe, na kwa wagonjwa kama 1 hadi 3 katika kila 100 wa upasuaji wa moyo, mwili huunda kingamwili zinazoushambulia muungano huo. Kingamwili hizo huziamsha chembe sahani, zikaanza kugandisha damu ovyo. Zinapungua kwa sababu zinatumika. Mgonjwa ambaye kila mtu anachelea atavuja damu, kumbe bonge linajijenga mguuni, mapafuni, au juu ya valvu yenyewe.

(Kwetu tusisahau malaria, nayo hushusha chembe sahani, kipimo chake ni rahisi na kifanywe.)

Kingamwili zikishukiwa, heparini yote husimamishwa, hata ile kidogo ya kusafishia mpira wa dripu, ambayo ndiyo husahaulika. Hubadilishwa kwa dawa kama argatroban au bivalirudin. Kumtundikia chembe sahani mtu asiyevuja damu kwa kawaida huepukwa. Wafarini nayo ina zamu yake: mwenye valvu ya chuma ataimeza maisha yote, lakini ikianzishwa mapema mno hupunguza kwanza protini asilia zinazozuia mabonge, na mguu waweza kuoza. Husubiriwa hesabu ifike karibu 150,000.

Aliyepatwa na haya aandikiwe wazi kwenye cheti chake cha kutoka hospitali, maana akihitaji kusafishwa figo au kupasuliwa tena, heparini ndiyo itakayomtangulia kitandani.

Wiki ijayo: wafarini nyumbani, na mboga za majani.