Walikopelekwa Watu wa Kasigau

Ukitoka Voi kwa barabara ya Mombasa na kufika Maungu, tupa macho upande wa kulia. Mbali, juu ya nyika tambarare yenye miti ya miiba, utaona mlima umesimama peke yake. Huo ndio Kasigau. Kilele chake kina zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kimevikwa msitu wa ukungu, na huku chini vijiji vitano vimeuzunguka: Rukanga, Jora, Kiteghe, Bungule na Makwasinyi. Leo, wanangu, nawasimulia jinsi mlima huo ulivyobaki bila watu wake. Kisha nitawaeleza kazi moja ambayo wengi hawaijui, nayo ni kazi ya kuwafuatilia watu waliong'olewa makwao na vita au majanga, mpaka ijulikane wako wapi na wanaishije.

Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Nchi yetu ilitawaliwa na Waingereza, ng'ambo ya pili kulikuwa na Wajerumani, na mpaka ulipita Taveta kama unavyopita leo. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Kutoka huko wakawa wanatuma vikosi vidogo vipenye nyika, vikalipue reli ile inayopita Voi. Sasa Kasigau uko karibu na reli, una maji, na aliye juu yake huona mbali. Kila upande uliutaka. Waingereza wakaweka kambi pale, na mwaka 1915 Wajerumani wakaivamia.

Waingereza wakasema wenyeji ndio waliomwonyesha adui njia. Adhabu ikawaangukia wote kwa pamoja. Nyumba zikachomwa moto. Wazee, akina mama, vijana na watoto wakateremshwa mlimani na kupelekwa Malindi.

Watu hawa walizoea hewa ya baridi na maji yanayotiririka kutoka msituni. Waliwekwa pwani, kwenye joto na mbu wa malaria, bila shamba, bila mbegu, bila mifugo. Wengi walikufa kwa homa na kwa njaa. Tena kumbukeni kwamba zamani, katika milima yetu ya Taita, mafuvu ya wazee waliofariki yaliwekwa kwa heshima ndani ya mapango, na jamaa walikwenda pale kuomba mvua na afya. Aliyeondolewa mlimani aliondolewa pia kwa wazee wake. Hilo halionekani katika hesabu yoyote, lakini lilikuwa sehemu ya msiba.

Waliosalia walirudishwa Taita baadaye, ila hawakurudishwa kwao. Waliwekwa karibu na Mwatate. Kasigau kwenyewe waliruhusiwa kurudi katika miaka ya 1930. Mtoto aliyeondoka amebebwa mgongoni alirudi mtu mzima, pengine naye amebeba mtoto, akaoneshwa na wazee mahali ambapo nyumba ya baba yake ilisimama.

Jiulizeni basi. Walioondoka mlimani walikuwa wangapi? Waliofika Malindi je? Nani alifia njiani, nani alizaliwa huko? Nani alikata tamaa akaenda kuanza maisha kwingine, asirudi tena? Mtu anayefuatilia watu waliohama huuliza maswali hayohayo kila siku, na huyauliza mapema, wakati majibu bado yapo. Mwaka 1915 mashirika makubwa ya wakimbizi na wahamaji tunayoyajua leo hayakuwepo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, lilianzishwa 1950. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lilianza mwaka uliofuata.

Hata UNHCR ingekuwepo, watu wa Kasigau wangekuwa kesi ngumu kwake, kwa sababu hawakuvuka mpaka. Hapa tuelewane vizuri. Mtu wa Taveta akikimbia vita akavuka mpaka pale Holili na kuingia Tanzania, huyo ni mkimbizi, na dunia ina mkataba unaomlinda tangu 1951. Akikimbia kutoka Taveta akaishia Voi, yeye ni mkimbizi wa ndani. Bado yuko katika nchi yake, chini ya serikali yake. Na kama serikali hiyohiyo ndiyo iliyomfukuza, kama ilivyokuwa Kasigau, atamlilia nani? Ilichukua miaka mingi hadi 1998, ndipo Umoja wa Mataifa ukapata mwongozo kuhusu wakimbizi wa ndani, ulioandaliwa chini ya uongozi wa Francis Deng, mwanadiplomasia kutoka Sudan. Kenya ilipata sheria yake mwaka 2012.

Sheria hiyo ya Kenya ilizaliwa na uchungu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi iliwaka moto. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Serikali ilihesabu watu 663,921 waliokimbia makwao. Itazameni hesabu hiyo kwa makini, maana ina funzo kubwa la kazi hii. Kama 350,000 walikuwa katika kambi 118, viwanja vya maonyesho, makanisa, vituo vya polisi. Hao walionekana. Magari ya msaada yalijua pa kwenda, na waandishi wa habari walijua pa kupiga picha. Wale wengine 313,921 walikuwa wamepokewa na jamaa na marafiki au wamepanga vyumba mijini. Karibu nusu nzima! Hawa hawakuwa na hema wala foleni, na kwa muda mrefu wengi wao walilalamika kwamba msaada unaishia kambini. Shangazi aliyepokea watu wanane katika chumba kimoja alibeba mzigo ule peke yake. Mimi huona hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kufuatilia watu waliohama, kuhesabu mahema ukadhani umehesabu watu.

Sasa njooni tuone kazi yenyewe inavyofanyika. Tuchukue Taveta. Mto Lumi hutoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ukapita Taveta na kumwaga maji yake katika Ziwa Jipe. Mvua ikizidi kule juu, mto hufurika huku chini, na familia za mabondeni hubeba magodoro kichwani kwenda shuleni au kwa jirani aliye mwinukoni. Mto Voi nao, ambao siku nyingi ni mchanga mtupu, hushuka ghafla kutoka milima ya Taita na kuja na kila kitu.

Asubuhi yake, darasani, hukaa mtu na daftari. Anaweza kuwa naibu wa chifu, mzee wa mtaa au kijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu. Anaandika kaya kwa kaya: mkuu wa kaya nani, watu wangapi, wavulana wangapi, wasichana wangapi, walio chini ya miaka 5 wangapi. Kuna mjamzito? Kuna mtu mwenye ulemavu? Kuna anayemeza dawa kila siku, na dawa zimesombwa na maji? Mmetoka kijiji gani, lini, na nyumba imesimama au imeanguka? Mna mpango wa kurudi, au mnaogopa? Kila swali lina kazi yake. Idadi ya watoto wadogo ndiyo itakayosema maziwa kiasi gani. Idadi ya wanawake na wasichana itasema vyoo vingapi na viwekwe wapi ili wasiogope usiku. Swali la dawa huokoa maisha ndani ya siku mbili.

Kisha mwandishi huyo hurudi tena, baada ya wiki na baada ya mwezi. Hapo ndipo penye uzito, na hapo ndipo wengi huchoka. Maji yakikauka, watu huambiwa warudi ili masomo yaendelee. Darasa likibaki tupu, ni rahisi kuandika kwamba wamekwisha rudi makwao. Je, wamerudi kweli? Au wamehamia kwa mjomba Mwatate kwa sababu ukuta wa nyumba umeanguka na mahindi yameoza shambani?

IOM ina mfumo mkubwa wa kufanya hayo nchi kwa nchi. Ulianzia Iraq mwaka 2004, na sasa unatumika hata katika nchi za karibu nasi kama Somalia, Sudan Kusini na Kongo. Mara nyingi wafanyakazi wake hawapiti nyumba hadi nyumba. Huwatafuta watu wenye habari za mahali, kama chifu, mwalimu mkuu, muuguzi au kiongozi wa akina mama, wakawauliza waliofika ni wangapi na wametoka wapi. Jibu la mmoja hulinganishwa na la mwingine, maana kuna anayezidisha ili apate chakula zaidi, na kuna anayepunguza kwa kuwa hawapendi wageni.

Huko Geneva, Uswisi, kuna kituo kilichoanzishwa 1998 na Baraza la Wakimbizi la Norwei, nacho hukusanya hesabu za dunia nzima kila mwaka. Mwishoni mwa 2024 kilihesabu wakimbizi wa ndani milioni 83.4. Sudan peke yake ilikuwa na zaidi ya milioni 11. Lakini kituo hichohicho kilisema kwamba majanga ya mwaka huo yalisababisha mihamo milioni 45.8. Msichanganye namba hizo mbili. Mchungaji akihesabu mbuzi jioni zizini anapata idadi moja, na akihesabu kila mara mbuzi anapotoka langoni kutwa nzima, hata kama ni mbuzi yuleyule, anapata nyingine tofauti kabisa. Chukueni familia ya Tana River iliyokimbia mafuriko ya El Nino mwishoni mwa 2023, ikarudi, ikakimbia tena mafuriko ya Aprili 2024. Watu ni walewale, mihamo ni miwili. Katika mafuriko hayo ya 2024 Kenya ilipoteza karibu watu 300, na karibu 300,000 walihama. Ukisikia namba redioni, uliza kwanza kama ni ya watu au ya mihamo.

Siku hizi kuna njia nyingine pia. Picha za setilaiti huonyesha paa zilizozama. Simu nazo husema mengi. Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, watafiti waliangalia laini za simu, bila majina ya wenyewe, wakaona zimehama kutoka mji mkuu kwenda wapi. Walikadiria kwamba watu kama 630,000 walikuwa wameondoka mjini ndani ya majuma matatu, na wakajua mikoa iliyowapokea.

Hapa kwetu Tsavo mnajua kuna tembo waliovalishwa mikanda shingoni inayotuma habari kwa setilaiti. Mwaka 2016 tembo 10 walivalishwa ili ionekane kama wataweza kuvuka reli mpya ya SGR. Basi mtoto mwerevu ataniuliza: mbona watu tusiwafuatilie vivyo hivyo, tujue kila mmoja alipo? Tusifanye hivyo, mwanangu. Mtu aliyekimbia vita ana aliyemfukuza. Orodha ya majina na mahali alipojificha ikianguka mikononi mwa adui wake, imemuua. Wafikirie watu wa Kasigau: wangeshukuru kuhesabiwa na anayewaletea dawa, na wangetetemeka kuhesabiwa na askari aliyewachomea nyumba. Ndiyo maana kazi hii ina miiko. Majina hufungiwa, hesabu ndizo hutangazwa, na anayeulizwa ana haki ya kukataa kujibu. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na daftari la chifu nalo linastahili kufungwa kabatini.

Kuna uhamaji mmoja ambao unatushinda bado. Ni ule wa ukame. Mafuriko yana siku yake, vita vina siku yake, ila ukame huja kimyakimya. Kati ya 2020 na 2023 misimu ya mvua ilikosa mara tano mfululizo katika maeneo makavu ya Kenya, na kaunti yetu ni mojawapo ya kaunti 23 zinazohesabiwa kuwa kame au nusu kame. Wafugaji walitoka mbali na ngamia na ng'ombe wakaingia ranchi za Taita Taveta kutafuta malisho, ugomvi ukazuka. Na baba wa huku kwetu anayepanda mahindi, yakakauka au yakaliwa na tembo, mwishowe huchukua mkoba akaenda Mombasa kutafuta kibarua. Baada ya mwaka mkewe na watoto wanamfuata. Hakuna darasa walilolala, hakuna daftari lililowaandika. Serikali itasema wamehamia mjini kwa hiari yao. Mimi nasema wamefukuzwa na jua, na wanastahili kuhesabiwa.

Kwa hiyo nawapa kazi, nyinyi mnaosoma haya Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Mafuriko yakija na nyumba yenu ikapokea wageni, mmoja wenu aende kwa chifu akawaandikishe, hata kama wamelala sebuleni kwenu na hawahitaji hema. Wakiondoka, nendeni tena mkaseme wameelekea wapi. Na mkiwa na bibi au babu aliyewahi kuhamishwa, kwa vita, kwa mbuga, kwa shamba la mkonge au kwa njaa, muulizeni alitoka kijiji gani, mwaka gani, walikuwa wangapi na nani hakurudi. Yaandikeni katika daftari, na tarehe juu. Anzeni jioni hii, maana wazee wanaoikumbuka safari ya kurudi Kasigau, kama bado wapo, ni wachache mno.