Urithi Usiosimama ni Balaa

Wahenga walinena kuwa ya kale ni dhahabu. Naafiki, ila gari la kale lisiloweza kusimama ni balaa.

Nina Volkswagen aina ya Beetle ya mwaka wa 1965, urithi wa marehemu baba, aliyekuwa mwalimu. Siku moja nikiteremka kuelekea Mai Mahiu pamoja na wanangu, pedali ya breki ilididimia hadi sakafuni. Mpira mmoja wa kupitisha mafuta ya breki ulikuwa umepasuka, na kwa kuwa mkondo wa mafuta ni mmoja, magurudumu yote manne yalikosa breki. Gia na breki ya mkono ndizo zilizotuokoa.

Wanafunzi wa fizikia wanajua kuwa mwendo ukiongezeka maradufu, nishati inayopaswa kuzimwa na breki huwa mara nne. Breki za dramu nazo zikishika joto mteremkoni hulegea.

Basi fundi ametia pampu ya breki yenye mikondo miwili, breki za diski mbele, mipira mipya na mikanda ya usalama inayokingama kifuani. Rangi na umbo havikuguswa. Hata hivyo, marafiki wanalalamika kuwa nimeharibu kumbukumbu ya baba. Nawauliza: itasimuliwa na nani, wajukuu wake wakiangamia?

Walimu wenzangu mlio na magari ya kale, kabla ya kuyapiga rangi, kagueni breki. Kuhifadhi urithi si kuhifadhi kasoro zake.