Mtoto mwenye selimundu anapokwenda chuoni, nani atamkumbusha dawa?

Mzazi, barua ya kujiunga na chuo imefika na nyumba nzima inashangilia. Una haki ya kufurahi. Lakini kama kijana wako ana selimundu, usiku ukishatulia na taa ikishazimwa, lipo swali linalokujia: huko aendako, nani atamgusa paji la uso kujua kama ana homa?

Tuchukue mfano wa familia moja katika visiwa vya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Kutoka kijijini hadi hospitali kunategemea boti, na boti inategemea maji kujaa. Mtoto alianza sekondari, lakini kila baada ya wiki chache maumivu ya mifupa yalimrudisha nyumbani. Mwishowe akasomea nyumbani, mjomba akimsaidia hesabu na jirani akimpa madaftari. Akafanya Mtihani wa Maarifa, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Amefaulu, na sasa chuo kinamwita Dodoma.

Mtoto huyu ni hodari. Hata hivyo, kwa miaka 18 mama yake ndiye aliyekuwa faili lake. Mama ndiye anayejua kidonge kipi ni cha asubuhi, tarehe ya kliniki ni lini, na macho yakianza kuwa ya njano ina maana gani. Kijana mwenyewe akiulizwa na daktari, humgeukia mama.

Kipindi hiki kina hatari

Inakadiriwa kuwa Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Zamani wengi hawakufika umri wa kwenda shule. Leo, kwa dawa na kliniki, wengi wanakua, na hapo linakuja jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Utafiti wa Dallas, Marekani, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa karibu watoto 94 kati ya 100 wenye aina kali ya ugonjwa huu walifikisha miaka 18. Lakini vifo vingi vya miaka ya karibuni viliwapata vijana muda mfupi baada ya kuhama kutoka kwa madaktari wa watoto kwenda kwa wale wa watu wazima.

Ukitafakari, utaona sababu. Mzazi ameachia usukani, na kijana bado hajaushika. Kwa hiyo kazi yako si kumzuia asiende. Kazi yako ni kumkabidhi usukani mapema, ukiwa bado umekaa naye chomboni.

Anza mwaka mmoja kabla

Mwezi wa kwanza, mwachie dawa zake. Atumie foliki asidi, na haidroksiyurea kama ameandikiwa, bila kukumbushwa. Wewe hesabu vidonge kila Ijumaa, kimya kimya. Akisahau, msikae kugombana. Mtafute njia, kwa mfano kengele ya simu au kuunganisha dawa na kupiga mswaki.

Kliniki inayofuata, aingie peke yake kwanza, wewe uitwe baadaye. Ajifunze kueleza ugonjwa wake kwa sentensi tatu: nina selimundu, dawa ninazotumia ni hizi, na damu yangu siku ya kawaida ni kiasi hiki. Hiyo namba ya damu ni muhimu sana. Mgonjwa wa selimundu huishi na damu iliyo chini ya watu wengine, na daktari asiyemjua anahitaji kufahamu kiwango chake cha kawaida ili aamue kama imeshuka kweli.

Kabla hajaondoka, omba kliniki imwandikie barua ya muhtasari: kundi la damu, dawa na dozi, mara alizolazwa, alizoongezewa damu, na dawa zinazomdhuru. Nakala moja ikae mkobani, nyingine ipigwe picha ibaki kwenye simu yake na yako. Mwulize pia daktari ni hospitali ipi yenye kliniki ya selimundu karibu na chuo, na tarehe ya kwanza ya kuhudhuria ipangwe mapema. Uliza chuo kuhusu bima ya afya ya wanafunzi kabla ya siku ya kuripoti.

Afikapo chuoni

Fomu ya uchunguzi wa afya ijazwe kwa ukweli. Wazazi wengine huficha wakiogopa mtoto kukataliwa au kunyanyapaliwa, lakini aliyefichwa ndiye anayechelewa kufikishwa hospitali. Watu watatu wajue: mhudumu wa zahanati ya chuo, mlezi wa bweni, na mwenzake mmoja wa chumbani.

Mazingira nayo yanabadilika. Mtoto wa delta amezoea joto. Usiku wa Juni na Julai huko Dodoma, Iringa au Mbeya una baridi inayoweza kuamsha maumivu. Sweta na blanketi zito ni sehemu ya tiba. Chupa ya maji isimtoke mkononi, lita 2 hadi 3 kwa siku. Alale ndani ya chandarua kila usiku, hata kama wenzake hawana. Ramadhani ikikaribia, azungumze na daktari kabla ya kufunga.

Wakati wa mitihani vijana hukesha, hawanywi maji, na maumivu yakianza humeza diklofenak za dukani mfululizo. Dawa hizo zikizidi huumiza figo, na figo za mgonjwa wa selimundu tayari zina mzigo.

Asisubiri kupambazuke

Mnunulie kipimajoto na umfundishe kukitumia. Joto likifika nyuzi 38 aende hospitali saa hiyo hiyo. Kipimo kikionyesha hana malaria, bado aonwe na daktari, kwa sababu wengu wake haufanyi kazi vizuri na maambukizi ya bakteria huweza kumzidia kwa saa chache. Vivyo hivyo kwa maumivu ya kifua au kubanwa na pumzi, kichwa kuuma vikali, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea ghafla, tumbo kuvimba, au kupauka kupita kawaida.

Kwa wavulana kuna jambo ambalo haya huwafanya walifiche: uume kusimama kwa maumivu bila kulala. Ikifika saa 4 ni dharura, na kuchelewa kunaweza kumwachia ulemavu wa kudumu. Kama baba unaona uzito kulisema, mwombe mjomba au mhudumu wa kliniki. Kwa wasichana, ujauzito huwa na hatari zaidi, hivyo azungumze mapema na daktari kuhusu uzazi wa mpango. Na anayetumia haidroksiyurea, awe mvulana au msichana, amwone daktari kabla ya kupanga kupata mtoto.

Na wewe mzazi

Mtandao wa simu visiwani hukatika. Kubalianeni siku ya kuongea kila wiki, na mtu wa pili wa kupigiwa usipopatikana, labda shangazi aliyeko Kibiti mjini. Akipiga simu, usianze na "umekunywa dawa?" Muulize kwanza masomo. Kijana anayehisi anahojiwa hujifunza kuficha.

Njia hii ya kumkabidhi usukani mapema inamfaa pia mwenye kifafa, pumu au kisukari. Kama barua ya chuo bado haijafika, ni vizuri zaidi, kwani una muda. Kliniki ijayo, kaa nje kwenye benchi, umwache aingie mwenyewe.