Homa isiyosikia dawa ya malaria: tuangalie na mbuzi wetu

Akina mama, mtu akishikwa na homa hapa Kindu, neno la kwanza midomoni mwetu ni malaria. Mara nyingi ni kweli, maana mbu wa kando ya Lualaba hawatuachi. Lakini iko homa nyingine inayofanana nayo, nayo inatoka kwa mbuzi, ng'ombe na nguruwe tunaowafuga. Inaitwa bruselosi. Inapanda, inashuka, halafu inarudi tena. Mgonjwa anatokwa na jasho usiku, mgongo na viungo vinamuuma, nguvu zinamwishia. Wanaume wengine wanavimba korodani. Anameza dawa ya malaria mara ya kwanza, mara ya pili, na bado hapati nafuu.

Je, ni ugonjwa wa watu wengi?

Ndiyo, hasa vijijini. Hesabu ya watafiti iliyotolewa mwaka 2023 inasema watu kati ya milioni 1.6 na milioni 2.1 wanaupata kila mwaka duniani, na mzigo mkubwa uko Afrika na Asia.

Huko Moshi, kaskazini mwa Tanzania, watu 870 waliolazwa kwa sababu ya homa mwaka 2007 na 2008 walichunguzwa kwa makini. Waganga walidhani 528 kati yao wana malaria. Vipimo vilionyesha kuwa walikuwa 14 tu. Kati ya waliopimwa bruselosi, karibu 4 kwa kila 100 walikuwa nayo. Malaria ya Moshi si kama ya Maniema, kwa hiyo sisi tusiache kupima malaria hata siku moja. Ila tujue kwamba homa si moja.

Nchini Kenya, mwaka 2012 na 2013, watafiti walipima watu na mifugo yao katika sehemu tatu. Marsabit, kwa wafugaji wanaohamahama, karibu nusu ya watu walikuwa na alama za ugonjwa huu katika damu. Kiambu, ambako ng'ombe wanalishwa zizini, walikuwa wachache sana. Na nyumba iliyokuwa na mnyama mgonjwa ndiyo iliyokuwa na watu wagonjwa zaidi.

Hatari inatoka wapi?

Kule Kenya mambo matatu yalijitokeza: kunywa maziwa mabichi, kazi ya kila siku na mbuzi, na kushika ngozi za wanyama. Kwetu wengi hatukami mbuzi. Mlango ulio wazi zaidi kwetu ni mbuzi anapozaa au anapotoa mimba. Mikrobu hujaa katika kondo la nyuma, maji ya uzazi na kitoto kilichokufa. Na ni nani anayemsaidia mbuzi kuzaa nyuma ya nyumba? Mara nyingi ni mama au mtoto wake, kwa mikono mitupu, kisha anarudi jikoni kuendelea na sombe. Mikrobu inaingia kwenye kidonda kidogo, machoni au mdomoni. Wanaochinja na kupasua nyama wako kwenye hatari hiyo hiyo. Nyama iliyoiva vizuri haina shida.

Ubaya ni kwamba mbuzi huyo anaweza kuonekana mzima. Katika kisiwa cha Malta, askari wa Uingereza waliugua homa hii miaka mingi, mpaka mwaka 1905 daktari Themistocles Zammit alipogundua kwamba inatoka kwa mbuzi waliokuwa wakitoa maziwa vizuri tu. Askari walipokatazwa maziwa hayo mwaka 1906, homa ilipungua sana.

Mama mwenye mimba ajihadhari zaidi ya wote, kwa sababu bruselosi inaweza kuharibu mimba yake. Mbuzi akizaa, amwachie mtu mwingine.

Tufanye nini nyumbani?

Maziwa, ya mbuzi au ya ng'ombe, yachemke mpaka yatokote kabla ya kunywa au kugandisha. Unaposaidia mnyama kuzaa, vaa glavu. Kama huna, funga mifuko ya plastiki isiyotoboka mikononi, kisha nawa kwa sabuni. Kondo na kitoto kilichokufa vichomwe au vizikwe kwenye shimo refu, mbwa wasifukue. Watoto wasivichezee. Kikwembe kilichochafuka kifuliwe peke yake.

Mbuzi akitoa mimba, mtenge na mwite muganga wa mifugo. Usimpeleke sokoni haraka haraka, kwani unampelekea mama mwingine ugonjwa ndani ya lupango yake. Wakitoa mimba wawili watatu kwa mfululizo, hiyo ni alama kubwa. Tuangalie pia beberu tunayeazimana, maana naye anaweza kuuhamisha kutoka kundi hadi kundi.

Na ukiugua?

Nenda kituo cha afya, pimwa malaria kwanza. Ikiwa haionekani, au homa imerudi baada ya dawa, sema wazi: "Ninafuga mbuzi, na mmoja alitoa mimba mwezi uliopita." Muganga hawezi kujua hilo usipomwambia, na kipimo cha bruselosi kinataka maabara. Ugonjwa huu unapona. Matibabu ya kawaida ni dawa mbili pamoja, kwa majuma sita hivi. Ukiziacha kati kwa kuwa umepata nafuu, homa inarudi. Usijinunulie dawa hizo mwenyewe, kwani nyingine hazifai kwa mimba wala kwa watoto wadogo.

Vikundi vyetu vingi vinaweka akiba katika mbuzi. Kwenye mkutano ujao wa likelemba, kabla ya kuhesabu pesa, tuulizane: juma hili, ni nani ambaye mbuzi wake ametoa mimba, na ni nani nyumbani kwake ana homa isiyokwisha?