Dishi dogo la nyumbani: milima si kizuizi, mvua ndiyo

Mkazi wa Buyenzi, mjini Bujumbura, mwenye ndugu zake Kigoma au Bukavu, hutamani kusikia habari za huko kwa Kiswahili. Redio ya FM haimtoshelezi, kwani mawimbi yake hukatizwa na milima. Ndiyo maana wapo wanaonunua dishi la sentimita 60 au 90 na kujaribu kulitega wenyewe. Wakiambulia skrini nyeusi, huilaumu milima hiyo hiyo. Kumbe milima haina hatia.

Setilaiti za televisheni ziko juu ya ikweta, takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini, nazo huzunguka sambamba na dunia, hivyo huonekana zimetulia mahali pamoja. Eneo letu nalo li karibu na ikweta. Kwa setilaiti zilizoko nyuzi 36 mashariki, zinazobeba matangazo mengi ya Afrika, dishi la Bujumbura, Kigoma, Bukavu au Kigali hulenga juu kwa nyuzi 80 hadi 83, karibu na utosi. Huko mlima haufiki. Mgomba wa uani au ukingo wa paa hufika.

Ugumu wa kwanza ni ulengaji. Dishi la sentimita 60 likikosea kwa nyuzi 2 tu, huweza kupoteza kila kitu. Tena, dishi ambalo mkono wake hutokea chini hulenga juu zaidi ya linavyoonekana, kwa nyuzi 20 na ushei. Yafaa lisogezwe kidogo kidogo, huku mtu wa pili akitazama kipimo cha ubora wa mawimbi, si cha nguvu pekee. Kisha kifaa kilicho mbele ya dishi, ambacho mafundi hukiita LNB, kigeuzwe polepole hadi ubora upande.

Ugumu wa pili ni mvua. Mawimbi yanayopokelewa na madishi madogo yana urefu wa sentimita 2 na nusu hivi, na matone mazito huyameza na kuyatawanya. Picha haififii taratibu. Huganda, kisha hupotea. Dishi la sentimita 90 hustahimili zaidi, maana eneo lake ni zaidi ya mara mbili ya lile la 60.

Dishi halifungui matangazo ya kulipia. Hata hivyo, yapo matangazo ya wazi, redio zikiwemo, yasiyodai ada.

Jua nalo hutoa msaada mara mbili kwa mwaka. Karibu na Machi 21 na Septemba 22, muda mfupi kabla ya adhuhuri, hupita nyuma ya setilaiti hizo, na picha huweza kukatika kwa dakika chache. Wakati huo usilitazame jua, litazame dishi. Likiwa kivulini, mti au paa lililotia kivuli hicho ndilo linalozuia matangazo.