Jicho Hukawia Kusahau

Mtoto akitwaa kijinga cha moto usiku na kukizungusha kwa kasi, sisi tulio kando hatuoni kaa moja linalohama, bali twaona pete ya moto iliyoning'inia gizani. Pete hiyo haipo. Kila mara kaa liko mahali pamoja tu. Ni jicho letu linalokawia kuiachilia nuru iliyokwisha kupita.

Mwaka 1765, huko Paris, mtaalamu Patrick d'Arcy alitumia kaa la moto kupima ukawiaji huo. Alilizungusha kwa chombo maalumu, akaongeza mwendo mpaka pete ikakamilika pasipo pengo. Aliona kwamba mzunguko mmoja ulichukua kiasi cha sekunde 0.13. Leo twajua kuwa muda huo haufanani daima: hubadilika kwa ukali wa nuru na kwa kadiri jicho lilivyozoea giza.

Chanzo chake kimo ndani ya jicho. Nuru iangukiapo seli za retina huanzisha mfululizo wa mabadiliko ya kikemikali, ndipo ishara ikapelekwa ubongoni. Mabadiliko hayo hayaanzi wala hayakomi papo hapo, kama vile sufuria isivyopoa mara tu iepuliwapo jikoni.

Hapa hapana budi tusahihishe kosa ambalo aghalabu hurudiwa madarasani, kwamba sinema "hutembea" kwa sababu jicho huhifadhi picha. Filamu huonyesha picha 24 kila sekunde, na kilango cha projekta huikata nuru ya kila picha mara mbili au tatu, hivyo mimuliko huwa 48 au 72. Kwa kuwa jicho hukawia, hatulioni giza lililo baina ya mimuliko hiyo. Lakini kama kuhifadhi picha kungekuwa ndiyo sababu pekee, basi picha zingerundikana, na mtu anayekimbia angeonekana ana miguu kumi. Mwaka 1912 Max Wertheimer wa Ujerumani alionyesha kuwa mistari miwili iliyotulia, ikimulikwa mmoja baada ya mwingine kwa muda mfupi ufaao, huonekana kama mstari mmoja unaohama. Mwendo huo hutungwa na ubongo. Jicho huficha giza. Ubongo huunda mwendo.

Je, elimu hii ina faida gani nje ya sinema? Twendeni katika karakana. Umeme wetu hugeuka mara 50 kila sekunde, na taa ya mrija ya namna ya zamani hung'aa na kufifia mara 100 katika muda huo. Jicho haliwezi kutambua kufifia huko, kwa hiyo fundi hudhani nuru imetulia. Sasa tuchukue mashine ya kukerezea ambayo kichwa chake kina meno matatu ya kushikia chuma, nacho kinazunguka mara 2,000 kwa dakika. Katika muda wa mmuliko mmoja, yaani sekunde 0.01, kichwa huzunguka theluthi moja kamili. Kila jino huwa limefika mahali pa jino lililotangulia. Mashine inayoweza kumkata mtu vidole huweza kuonekana imesimama tuli.

Kinga zipo. Taa za karakana zigawanywe katika fezi tatu za umeme, ili moja ififiapo nyingine ing'ae. Au iwekwe kando ya mashine balbu ya waya, kwa kuwa waya huo haupoi upesi. Taa za mrija zenye kifaa cha kielektroniki humulika mara maelfu mengi kwa sekunde, lakini baadhi ya taa za LED za bei nafuu bado hufifia mara 100, kama zile za zamani. Zaidi ya yote, mwanafunzi afundishwe kutoyaamini macho pekee: azime swichi, asikilize, angoje, ndipo asogeze mkono.

Mwalimu aweza kuanza somo hili kwa kipande cha kadi tu. Upande mmoja uchorwe ndege, na upande wa pili tundu, kichwa chini. Kisha kadi isokotwe kwa nyuzi mbili. Wanafunzi watamwona ndege ndani ya tundu. Na wakiisha kucheka, waulizwe: ni vitu gani vingine tunavyoviona, navyo havipo?