Filta ya oili: Kwa nini ‘inaingia’ hakutoshi kwa gari la turbo

WAMILIKI wa magari yenye kasi, hasa Subaru Impreza WRX na Forester za turbo zinazopendwa mno humu nchini, hutumia fedha nyingi kununua oili ya hali ya juu. Hata hivyo, wengi wao hufunga filta yoyote wanayopewa dukani, almuradi inaingia.

Uamuzi huo huweza kumgharimu mtu injini nzima.

Filta ndiyo mlinzi wa pekee baina ya uchafu na viungo vya injini. Oili hupitia humo kabla ya kufika kwenye beringi za kranki na kwenye turbo, ambayo mhimili wake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Mhimili huo huelea juu ya utando mwembamba sana wa oili, na chembe isiyoonekana kwa macho yatosha kuukwaruza.

Unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Chembe zinazoharibu beringi ni ndogo kuliko hapo, aghalabu za mikroni 10 hadi 20.

Basi mnunuzi atazame nini?

La kwanza ni hesi, yaani ile mistari ya ndani ya tundu ambayo hushika kama skrubu. Filta za injini za Subaru za aina ya EJ zina tundu la milimita 20, ilhali Toyota nyingi hutumia kipimo cha robo tatu ya inchi, ambacho ni milimita 19.05.

Kwa kuwa tofauti haifiki hata milimita moja, filta ya Subaru huweza kuingia kwenye injini ya Toyota ikaonekana imekaa sawa, kumbe imeshika kwa hesi chache tu. Presha ya oili ikipanda, filta hiyo huweza kung’oka na oili yote kumwagika barabarani. Ndiyo maana neno “inaingia” halipaswi kumridhisha mteja.

La pili ni vali ya dharura. Filta inapoziba, au oili inapokuwa nzito asubuhi ya baridi kama ile ya Limuru mwezi wa Julai, vali hiyo hufunguka ili oili ipite bila kuchujwa. Watengenezaji waliona kwamba ni heri injini ipate oili chafu kuliko kuikosa kabisa.

Lakini vali hizo hazifanani. Filta asilia ya EJ iliyotengenezwa nchini Japani na kampuni ya Tokyo Roki hufunguka tofauti ya presha inapofika takriban paundi 23 kwa inchi ya mraba, kipimo kile kile kinachotumiwa kujaza upepo kwenye magurudumu. Filta nyingi za magari ya kawaida hufunguka mapema zaidi, baadhi zikiwa kwenye paundi 12 hivi.

Pampu ya oili ya Subaru husukuma oili kwa wingi. Ukiifungia filta yenye vali laini, huenda vali hiyo ikawa inafunguka kila unapokanyaga mafuta kwa nguvu. Hapo oili isiyochujwa hufika kwenye turbo wakati ule ule ambapo turbo ina kazi nyingi zaidi. Kinyume chake pia ni hatari, kwani vali ngumu kwenye injini yenye pampu dhaifu huweza kuinyima oili.

La tatu ni mpira unaozuia oili isirudi chini gari linapozimwa. Katika injini ambazo filta imelala ubavu au imepinduliwa, mpira ukiharibika filta hubaki tupu usiku kucha, na injini husaga vyuma vikavu kwa muda mfupi kila inapowashwa. Mpira wa silikoni huvumilia joto kali kuliko ule wa kawaida, ambao hukauka na kuwa mgumu. Jambo hili ni muhimu kwa injini za EJ kwa sababu filta yake huning’inia karibu na mabomba ya moshi.

La nne ni kitambaa cha kuchujia. Karatasi ya kawaida hufanya kazi vyema ikiwa oili inabadilishwa mapema. Nyuzi za kioo hunasa chembe ndogo zaidi bila kuzuia mkondo wa oili, hivyo humfaa anayeendesha kwa kasi au kwa safari ndefu.

Kuna pia filta za mashindano zenye wavu wa chuma. Vijana wengi huzitamani wakikumbuka Impreza zilizoshinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1997 chini ya Colin McRae, na mwaka wa 2000 chini ya Richard Burns. Lakini nyingi ya filta hizo hupitisha chembe kubwa kuliko karatasi. Zinafaa injini ambazo hukaguliwa na kubadilishwa oili kila baada ya mashindano, si gari la kwenda kazini kila siku.

Njia salama ni kununua kwa kutumia nambari ya kipuri inayolingana na nambari ya fremu ya gari, badala ya kupima kwa macho. Ukipewa filta ya kampuni nyingine, mwombe mwenye duka orodha ya mtengenezaji inayoonyesha hesi na kiwango cha vali.

Aidha, wanunuzi katika maduka ya vipuri kama yale ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi wajihadhari na bidhaa ghushi. Linganisha filta mpya na ile ya zamani unayojua ni halisi: uzito, maandishi, rangi ya mpira na wingi wa karatasi inayoonekana tunduni. Dai risiti. Filta nyepesi kupita kiasi ni ya kutiliwa shaka.

Wakati wa kufunga, hakikisha mpira wa filta kuukuu haukubaki umenata kwenye injini, kwani mipira miwili ikikutana oili huvuja kwa kishindo. Paka mpira mpya oili kidogo, kaza kwa mkono hadi uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko au kama ilivyoelekezwa kwenye filta.

Hatimaye, usitupe filta kuukuu kabla ya kumtaka fundi wako aikate na kuikunjua karatasi yake. Vumbi jeusi ni jambo la kawaida. Ukiona vipande vinavyometameta, hasa vya rangi ya shaba, beringi zimeanza kuliwa na gari halifai kuendeshwa kwa kasi tena kabla ya kuchunguzwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika injini ya turbo ukuta huo huwa ni bei ya injini nyingine.